Mbegu ya Ufuta Ndani ya Almasi

Treni ilikuwa imeshaliacha jukwaa, na waliokuja kuaga walikuwa wameanza kugeuka kurudi makwao, wakati Bibi Mkunga alipotoa kioo chake cha kukuzia na kuitazama pete.

Hakuwa na wasiwasi. Yalikuwa mazoea tu. Ndani ya almasi ile, karibu na ukingo, mlikuwa na kidoa cheusi chenye umbo la mbegu ya ufuta. Marehemu mumewe, dereva wa malori, alimnunulia jiwe hilo walipotimiza miaka arobaini ya ndoa. Tangu azikwe, kila Bibi alipoanza safari aliitafuta ile mbegu, akaiambia kimoyomoyo, "Haya, tunaondoka," kama dereva alivyokuwa akimwambia zamani kabla ya kuwasha injini.

Jua la asubuhi lilikuwa linaingia dirishani moja kwa moja. Akaitafuta mbegu. Akaigeuza pete. Akalifuta jiwe kwa pindo la gauni, akatafuta tena.

Mbegu haikuwapo.

"Mwanangu," akamwambia mkagua tiketi, "nisimamishie treni."

"Bibi, hii siyo teksi."

"Ingekuwa teksi ningemgusa dereva bega. Nimeibiwa. Nisimamishie."

Bahati yake, treni ilibidi isubiri ishara kwenye makutano ya reli. Mkagua tiketi akamshusha, akamshushia na begi. Bibi wa miaka sabini na moja akarudi kwa miguu kando ya reli, begi mkono mmoja, mkono mwingine ameukunja ngumi kana kwamba pete ingeweza kuibiwa mara ya pili.

Kituo cha polisi kilitazamana na stesheni. Mezani alikuwepo Sajenti, mwanamke mwenye sauti kubwa na mwandiko mdogo.

"Umeibiwa nini, mama?"

"Almasi."

Sajenti akakaa vizuri. "Ya pete?"

"Ya pete hii."

"Mbona jiwe limo?"

"Limo, lakini si lenyewe. Hili ni safi mno."

Sajenti akaweka kalamu chini. "Ngoja nielewe. Lako lilikuwa na doa, mwizi akalichukua, akakuachia zuri zaidi. Ndiyo malalamiko?"

"Ndiyo. Andika hivyo hivyo."

Inspekta alitoka chumbani kwake na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, aliyezoea kukuna kidevu huku akisikiliza, na alikuwa amesikia yote kupitia mlango.

"Mama, una hakika? Macho nayo huchoka."

"Afande, nimepokea watoto miaka thelathini na minne. Wodi ile ilikuwa na vitanda ishirini, na usiku umeme ulikuwa ukikatika. Hakuna mama aliyewahi kupewa mtoto asiye wake. Unajua kwa nini? Mtoto humtambui kwa uzuri, wote ni wazuri. Unamtambua kwa alama. Huyu ana kidoa begani, huyu sikio limejikunja. Na almasi ni hivyo hivyo. Hii hapa haina alama yoyote. Kwangu mimi ni mtoto wa watu."

Inspekta akaacha kukuna kidevu. Akaivuta pete, akalipumulia jiwe. Ukungu ukakaa juu yake, ukachelewa kuondoka.

"Almasi ya kweli ukungu haukai juu yake hivi," akasema taratibu. "Sajenti, fungua jalada."

"Kosa gani, afande?"

"Wizi kwa kubadilisha. Pete ni kielelezo namba moja."

Bibi Mkunga akashusha pumzi. "Asante, mwanangu. Nilidhani mtanicheka."

"Tumeshacheka kidogo," akasema Sajenti. "Sasa tunafanya kazi."

*

Pete ilikuwa imetoka mkononi mwa Bibi mara moja tu, wiki mbili zilizopita. Alikuwa anahama kwenda kuishi na mdogo wake, mbali, mwendo wa siku nzima. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, akaomba aipeleke pete kwa sonara ikazwe na kung'arishwa, iwe zawadi yake ya kumuaga. Ilikaa siku tatu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Sajenti alisema ndani ya gari.

"Sajenti."

"Sisemi kitu, afande. Natoa methali tu."

Mkwe aliwapokea mlangoni na mikono yenye sabuni. Aliposikia habari, alikaa kwenye ngazi palepale.

"Mama anasema ni mimi?"

"Hajasema," akajibu Inspekta. "Amesema nisikuudhi. Ulipeleka lini?"

"Jumatatu."

"Kwa nani?"

"Sonara wa mtaa wa mafundi. Palepale baba mkwe aliponunua."

"Ulimkabidhi mwenyewe?"

"Hakuwepo, alikuwa ametoka kwenda kumpima bibi harusi kidole. Mezani kuna kadi, asipokuwepo mteja unajaza mwenyewe. Nikajaza, nikaweka pete na kadi kwenye bahasha, nikamwita fundi aliyekuwa ndani. Akapokea."

"Alhamisi nani alikurudishia?"

"Sonara mwenyewe. Duka lilikuwa limejaa. Alinipa bahasha, akanisalimia, basi."

"Ulilitazama jiwe?"

Mkwe akatikisa kichwa. "Liling'aa. Nikafurahi. Mume wangu naye akafurahi." Kisha sauti ikashuka. "Afande, mume wangu akirudi leo akisikia, ataniuliza mimi kwanza. Mama yake ameishi na sisi miaka miwili, hatujawahi kununiana hata siku moja. Sasa anaondoka, na kitu cha mwisho nilichomfanyia ndicho hiki."

Inspekta akachana ukurasa wa daftari lake. Alimwachia namba ya simu.

Garini Sajenti aliendesha mpaka taa za barabarani.

"Yule kama ni mwizi," hatimaye akasema, "basi mimi ni askofu."

*

Duka la sonara lilikuwa jembamba kama ukumbi wa nyumba: kabati la kioo mbele, mizani ndogo, taa nyeupe, na nyuma ya pazia karakana yenye meza mbili zilizochakaa. Sonara alikuwa mzee mfupi, mwenye lenzi iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

Alipoishika pete, alikandamiza lenzi jichoni kwa muda usiozidi kuhesabu tatu. Kisha akaitoa, akaiweka pete juu ya kitambaa kana kwamba ni maji ya moto.

"Jiwe la kiwandani. Hili silijui."

"Lilitoka dukani kwako."

"Lilitoka mkononi mwangu. Sikulitazama." Akajipiga kifua polepole. "Wateja watatu mlangoni, nikasema fundi ameshamaliza, nitazame nini. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na siku moja tu ya uvivu imenitosha."

Akafungua droo, akatoa karatasi iliyochorwa duara. Ndani ya duara, karibu na ukingo, kulikuwa na nukta nyeusi, na kutoka kwenye nukta mstari mwembamba ulielekea nje.

"Kila jiwe ninaloliuza nalichorea ramani. Hii ndiyo ya Bibi Mkunga."

"Na mstari huu?"

"Ufa. Kama unywele. Ulitoka kwenye mbegu ukafika nje."

Inspekta akainama juu ya karatasi. "Kwa nini mtu anunue almasi yenye ufa?"

Mzee akamtazama, akatambua, kwa uzoefu wa muuza duka, kwamba swali lile halikuwa la polisi peke yake.

"Una mke, afande?"

"Ninaye."

"Ana pete?"

"Nilimwahidi. Miaka kumi na tisa sasa."

Sajenti akageukia dirishani ili asicheke.

"Basi nikuambie," akasema Sonara. "Watu wanadhani almasi ni ya matajiri kwa sababu wanataka isiyo na kitu ndani. Lakini mawe karibu yote yana kitu. Yametoka chini ya ardhi, hayakutoka kwenye sabuni. Mimi mteja namwambia: ishike mbali, kama unavyoshika gazeti. Unaona doa? Huoni. Basi unalipia nini? Unalipia usafi ambao wewe mwenyewe huwezi kuuona, na jirani yako ndiyo kabisa. Nunua yenye alama, mradi ujue alama iko wapi. Ikiwa katikati, iache, inaziba mwanga. Ikiwa ukingoni, chukua. Na kama kuna ufa unaofika nje, nakuambia kabla hujatia mkono mfukoni. Ufa ni mlango. Ukigongwa vibaya, unafunguka."

"Na yule dereva ulimwambia?"

"Nilimwambia yote. Akaniuliza, 'Kama si mimi, nani atainunua?' Halafu akampelekea mkewe, akamwambia palepale, ina doa, ndiyo niliyoiweza. Unajua yule bibi alisema nini? 'Hata wewe una madoa, na nilikuchukua hivyo hivyo.' Alikuja dukani siku ya pili, yeye mwenyewe, kunishukuru. Watu wananishukuru kwa mawe safi, afande. Kwa jiwe la doa ni yeye peke yake."

Inspekta akakohoa. "Fundi aliyeishughulikia yupo?"

Nyuma ya pazia alikuwepo mwanamume wa miaka arobaini hivi, mabega mapana, vidole vyembamba kuliko mwili wake. Mtaa ulimwita Fundi Kucha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupachika mawe, na kinacholishika jiwe kwenye pete huitwa kucha.

"Unaikumbuka hii?"

"Naikumbuka."

"Uliifanyia nini?"

"Nilikaza kucha. Nikaiosha."

"Ukaikaza, ukaisafisha."

"Hapana," akasema Fundi haraka. "Niliiosha."

"Na jiwe?"

"Lilikuwa sawa."

"Lilikuwa na mbegu?"

"Sikuangalia ndani."

Inspekta akaandika katika daftari lake neno moja, *niliiosha*, akalipigia mstari bila kujua bado kwa nini. Mtu anayekana wizi hahangaiki kusahihisha neno dogo kama kuosha.

Alipotoka aliomba kadi ya kazi. Sonara akapekua kisanduku, akaileta. Mwandiko ulikuwa wa mkwe, wa duara na safi: *Pete ya Bibi Mkunga. Kaza kucha. Safisha.*

*

Asubuhi ya pili walikwenda maabara ya jinai. Mtaalamu wa pale, ambaye kituo kizima kilimwita Hadubini, alikuwa amelitoa jiwe kwenye pete na kulala nalo akilini.

"Jiwe ni bandia, hilo mnalijua," akasema. "Alama za vidole hakuna za maana, pete imeoshwa kwa dawa. Lakini tazama hapa."

Inspekta akaweka jicho kwenye hadubini. Chini ya ukucha mmoja kati ya minne, kwenye kitako cha dhahabu, kulikuwa na chembe iliyowaka kama cheche.

"Nini hiyo?"

"Nimeikwangulia kioo. Kioo kimekwaruzika. Ni almasi."

"Kipande cha almasi, ndani ya pete?"

"Chembe. Na ukucha huo umekandamizwa kuliko wenzake. Kuna mtu aliubonyeza juu ya jiwe, na jiwe likapasuka humohumo."

Sajenti akavuta kiti. "Mwizi hapasui anachokiiba."

"Ndiyo," akasema Inspekta. "Mwizi angefungua kucha, akatoa jiwe zima, akaenda zake. Hapa hapakuibwa kitu. Hapa palivunjwa kitu, kisha kikafichwa."

"Mkwe hana vifaa vya kubonyeza ukucha."

"Mkwe ana sabuni," akasema Inspekta.

Alitoa simu, akampigia mkwe palepale. "Usiku uliopita ulilala?" akamuuliza. Hakulala; mumewe alikula chakula bila kumtazama. "Basi lala mchana. Mwambie mumeo nimesema mimi, humo kwenye jalada wewe ni shahidi, si kitu kingine." Kisha sauti ndogo ikasema asante mara tatu, moja juu ya nyingine.

Kisha akampigia Sonara.

"Mzee, swali la kijinga. Kuosha na kusafisha si kitu kimoja?"

"Nyumbani kwako, ndiyo," akasema Sonara. "Karakana hapana. Kuosha ni maji, dawa na brashi. Kusafisha jiwe ni lugha ya wapachikaji. Una jiwe lenye doa ukingoni. Unalegeza kucha, unalizungusha mpaka doa liingie chini ya ukucha, unakaza. Doa halionekani tena. Jiwe limesafika." Inspekta akamsikia akivuta hewa. "Afande, kadi imeandikwa nini?"

"Safisha."

"Mimi kwenye kadi huandika *osha*. Siku zote *osha*. Lakini siku ile sikuwepo."

"Na ukilizungusha jiwe la Bibi Mkunga, ukaweka ukucha juu ya mbegu?"

"Unauweka juu ya ufa," akasema mzee. "Juu ya mlango wenyewe."

Sajenti naye alikuwa na lake. Alikuwa amepita kwa wafanyabiashara wa mawe, jengo la ghorofa mbili nyuma ya benki, akiuliza kama kuna aliyeuza jiwe la kiwandani hivi karibuni. Walimjibu kwa kicheko. Habari kubwa ya pale haikuwa hiyo. Habari ilikuwa mteja kichaa.

"Kila anayekuja anataka safi, anashindwa na bei, anashuka taratibu kwenye madoa," akasimulia. "Huyu anaanza na madoa. Anataka jiwe la ukubwa fulani, lenye nukta nyeusi ukingoni. Wakimwonyesha lisilo na nukta, analirudisha. Wiki mbili anazunguka. Wamempa jina, Bwana Madoa."

"Sura yake?"

"Mabega mapana. Vidole kama vya mpiga kinanda."

*

Fundi Kucha hakukimbia. Walimkuta mezani kwake, amezima taa, mikono juu ya mapaja. Upekuzi ulichukua dakika chache, maana aliwaonyesha mwenyewe: kibiriti kilichofungwa kwa uzi, ndani pamba, na ndani ya pamba vipande viwili. Kimoja kidogo kama punje ya chumvi. Kingine kikubwa, kimepungua ubavu, na kwenye ukingo wake mpya ilikuwapo ile mbegu ya ufuta, nzima, haikuguswa.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na feni iliyolia.

"Una haki ya kukaa kimya," Inspekta akamwambia. "Una haki ya wakili. Utakalosema litaandikwa, na laweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Andika tu."

"Jiwe hili ni la nani?"

"La Bibi Mkunga."

"Nani alilivunja?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumatano. Kabla ya chakula cha mchana."

"Kwa makusudi?"

"Kwa mapenzi," akasema Fundi, kisha akaona aibu kwa neno lenyewe. "Naomba nieleze kwa urefu."

"Eleza."

"Nilisoma kadi. Jina lake, na chini, safisha. Nikasema moyoni, leo nimepata. Miaka kumi na moja iliyopita mke wangu alikuwa anajifungua. Mtoto ametanguliza miguu, damu haikatiki, daktari yuko chumba kingine. Yule bibi zamu yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameshavaa koti, begi mkononi, yuko mlangoni. Akatusikia. Akaweka begi chini, akavua koti. Alitoka mle asubuhi. Nilitafuta namna ya kumshukuru nikakosa. Utampa nini mtu kama yule? Na hii sasa pete yake, kwenye meza yangu, inaomba kusafishwa."

"Uliiona ramani ya jiwe?"

"Ipo kwenye droo ya bosi. Ningemngoja arudi. Sikumngoja." Alifungua mkono, akautazama. "Nililizungusha vizuri. Nikaweka ukucha juu ya doa, nikabonyeza. Nikasikia tiki. Kitu kidogo, kama mtu anavunja kijiti cha meno."

"Ufa hukuuona?"

"Niliuona baadaye. Nilikuwa natazama doa. Nilitaka liondoke machoni pake."

Sajenti, ambaye alikuwa anaandika maelezo, alisimamisha kalamu. "Nia njema ni tabibu, ndivyo wasemavyo."

"Tabibu naye huua mgonjwa, dada."

"Kwa nini hukumwambia bosi wako?" Inspekta akauliza.

"Ningemwambia bosi, bosi angemwambia bibi. Ningemtazamaje? Amenipa mtoto mzima, mimi namrudishia jiwe vipande. Nikaona bora niweke la kiwandani kwa muda. Nikasema, ni safi, atafurahi, nani alishawahi kwenda polisi kwa sababu jiwe lake limekuwa safi? Huku natafuta lingine lenye nukta. Ningelipata ningeiomba pete nikague kucha, nirudishie la kweli, mambo yaishe. Sikujua kwamba anahama."

"Unajua mkwe wake alidhaniwa mwizi?"

Fundi akainua uso. "Na nani?"

"Hakuna aliyesema. Lakini juzi mumewe alikula chakula bila kumtazama. Ulifikiria hilo ulipokuwa unatafuta nukta?"

Mtu yule mpana akajikunja kwenye kiti.

"Hapana," akasema. "Nilijifikiria mimi."

Mlango ukagongwa. Bibi Mkunga alikuwa ameitwa kuja kutambua kielelezo, na hakuwa mtu wa kusubiri kwenye benchi. Aliingia, akaweka begi chini, lile lile la safari, maana tangu siku ile hakulifungua. Fundi akasimama, akainamisha kichwa.

"Ndiye huyu?" Bibi akauliza.

"Ndiye," akasema Inspekta.

Bibi akamtazama sana. "Wewe mtoto wako alitanguliza miguu."

"Ndiyo, bibi."

"Msichana. Alikuwa na alama bega la kushoto, kama tone la chai."

"Bado anayo."

"Yuko darasa la ngapi?"

"La tano."

"Ulishawahi kutaka kuifuta ile alama?"

Fundi akaficha uso kwa kiganja. Machozi yalimtoka bila sauti. "Hapana, bibi. Hata siku moja."

"Basi," akasema Bibi Mkunga. "Hilo tu nilitaka kujua."

Inspekta akasogeza kibiriti mbele yake. Bibi akatoa kioo chake cha kukuzia, akaliinamia jiwe lililovunjika. Alikaa hivyo mpaka Sajenti akaanza kuhangaika na kalamu.

"Amepungua uzito," hatimaye akasema. "Lakini ni yeye."

Akashusha kioo. "Asante, wanangu. Wote. Na wewe Fundi, asante kwa kutovitupa vipande. Mwenye woga zaidi yako angevitupa."

"Bibi, nilikuharibia."

"Uliniharibia, ukaniongopea, ukamwachia mkwe wangu mzigo wako. Hayo utayajibu kwa hakimu, mimi simo. Ila ulipotaka kunishukuru ungenijia mlangoni ukasema asante. Ningekupa na chai."

*

Fundi Kucha alishtakiwa kwa udanganyifu. Alikiri kosa siku ya kwanza ya kesi. Mlalamikaji aliomba mahakama impunguzie, na hakimu akampa kifungo cha nje cha miezi sita, akakitumikia kwa kufagia wodi ya wazazi. Siku ya kwanza ya kifungo alikwenda kwa mkwe kumwomba radhi. Mkwe alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani, lakini alimsikiliza hadi mwisho.

Sonara hakumfukuza. Jiwe walilichonga upya pamoja, likawa dogo na refu kidogo badala ya duara, mbegu yake ikabaki ukingoni, mbali na kucha zote. Kadi za duka zilichapwa upya. Sasa zina mstari unaouliza kama mteja anataka alama ya jiwe lake ionekane au isionekane.

Mume wa mkwe aliomba msamaha nyumbani. Namna alivyoomba hakuna anayeijua, ila majirani walimwona akifua nguo wiki nzima.

Hadubini alihamishiwa mji mwingine. Sajenti alipandishwa cheo na sauti yake haikupungua.

Inspekta alirudi dukani bila sare. Alinunua almasi ndogo yenye madoa mawili ukingoni, akaonyeshwa ramani yake, akailipia. Mkewe aliishika mbali kama gazeti, hakuona kitu. Akaambiwa madoa yapo. Akasema alikuwa anayangoja kwa miaka kumi na tisa.

Bibi Mkunga alipanda treni wiki tano baadaye. Mkagua tiketi alikuwa yule yule, akamuuliza kama leo wataruhusiwa kufika. Aliishi na mdogo wake miaka sita, akafariki akiwa amelala.

Pete iko kwa mkwe. Kila mwaka huipeleka kwa sonara. Kadi hujaza mwenyewe, kwa ule mwandiko wake wa duara, na huandika neno moja: *osha*.